Darasa Dogo Halina Mtu wa Kupoteza

Kabla ya Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne lilizipanga shule kwa makundi mawili: zenye watahiniwa 40 na kuendelea, na zenye pungufu ya hapo. Siku hizi kutaja shule kumi bora kumeachwa na mpaka ule wa 40 hausikiki tena redioni. Huku Muleba, mkoani Kagera, bado tunauishi. Zipo shule za kata, hasa zile changa na za pembezoni, ambazo kidato cha nne kizima kinaenea kwenye chumba kimoja na madawati yanabaki. Makala haya nawaandikia watu wa chumba hicho: mwanafunzi, mzazi au bibi anayemlea, na mwalimu wa darasa, mkiwa na miaka minne mbele yenu.

Darasa la namna hii huwa dogo kwa njia mbili. Pengine shule ni mpya na watoto ni wachache tangu mwanzo, na hilo si baya hata kidogo. Lakini mara nyingi darasa lilianza likiwa kubwa. Januari majina yalijaza rejesta kurasa mbili. Siku ya mahafali, miaka minne baadaye, mgeni rasmi anagawa vyeti na kazi inaisha kabla soda hazijapoteza baridi. Waliokosekana hawakuondoka kwa kishindo. Kila mmoja aliondoka kwa wiki yake, na wiki hizo zinajulikana. Muleba ina kalenda mbili: ile ya mihula iliyobandikwa ofisini kwa mkuu wa shule, na ile ya kahawa, mwezi giza ziwani na senene. Mtoto hupotea pale kalenda hizi mbili zinapogongana, na yeyote anayetaka darasa lake lifike Novemba ya mwaka wa nne likiwa kamili azisome zote mbili kwa pamoja.

Tuanze na Januari. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada katika sekondari zake hadi kidato cha nne, ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni, na nafuu yake ni kubwa. Lakini fomu ya maelekezo ya kujiunga haijawahi kuwa karatasi tupu. Ina sare, sweta, viatu vyeusi, kaunta buku, mkebe wa hesabu, jembe au fyekeo, na chakula cha mchana. Vyote vinadaiwa katika mwezi ambao kibanja hakina kahawa. Kahawa yetu huchumwa kuanzia Mei, hela huonekana Juni hadi Agosti, na Krismasi ikipita haina hata harufu.

Pengo hilo ndilo linalozaa butura: mzazi anauza kahawa ikiwa bado mtini, wengine ikiwa maua tu, kwa bei ya kutupa, ili apate hela ya haraka. Butura imepigwa marufuku miaka na miaka na bado ipo, kwa sababu shida inayoileta bado ipo. Ushauri wangu kwa akina Ta na akina Ma, yaani kina baba na kina mama, wenye mtoto wa darasa la saba ni kwamba msisubiri uchaguzi wa kidato cha kwanza utangazwe. Siku mnapolipwa na chama cha msingi, mwezi wa saba au wa nane, nunueni viatu vilivyozidi namba moja, mashati meupe mawili na kaunta buku za kuanzia. Rangi ya sketi au suruali iacheni, maana hamjui mtoto atapangwa wapi; shati jeupe ni jeupe popote. Aliyefanya hivyo hatamkwepa mwenye duka Januari, wala kahawa ya mwaka ujao haitakuwa imeshaliwa.

Chakula cha mchana ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachofukuza wanafunzi wengi kuliko Hisabati. Mtoto anayetembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, akikaa na njaa hadi saa kumi, hajifunzi kitu baada ya saa sita. Shule hupika makande au ugali na maharage, kwa hiyo huhitaji mahindi. Ugumu wetu wa nyanda za migomba, Kamachumu, Nshamba, Izigo, ni kwamba ndizi haiwekwi stoo, na mahindi ni lazima tuyanunue. Wenzetu wa Kimwani wanayalima. Hapa udogo wa darasa unageuka mtaji: wazazi thelathini na kitu mnatosha kukaa chini ya mti mmoja, mkachanga wakati wa mavuno ambapo bei iko chini, mkamtuma mtu mmoja na gari hadi Kimwani, badala ya kila mmoja kuhangaika na debe lake Machi bei ikiwa juu. Pitisheni jambo hilo kwenye kikao, liandikwe, na asiyeweza afahamike mapema kwa siri. Agizo la serikali liko wazi kwamba mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Lakini wengi hawarudishwi na mtu. Hujirudisha wenyewe kwa aibu ya kukaa nyuma ya jiko wenzao wakila.

Baada ya tumbo ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amefundishwa karibu kila kitu kwa Kiswahili, kisha anakuta Bailojia, Jiografia na Hisabati zote ziko kwa Kiingereza. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza hutengwa kwa kozi ya kumwandaa, na ndizo hizo ambazo wazazi wengi humchelewesha nyumbani wakisema masomo hayajaanza. Yameanza. Anayeripoti Februari anakuta wenzake wameshazoea sauti ya mwalimu, na yeye ataimba wimbo asioujua kwa miaka minne. Katika darasa la watoto tisini mwalimu hawezi kumfanya kila mmoja aseme sentensi moja kwa kipindi. Katika darasa la thelathini na tano anaweza, na mwalimu asiyetumia nafasi hiyo anaitupa. Nyumbani, hata kama hakuna anayejua Kiingereza, mwulize mtoto maneno yanayoanzisha maswali ya mtihani: taja, eleza, linganisha, toa sababu. Ayajue kwa Kiingereza chake kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Watoto wengi wanaijua Historia vizuri, ila waliambiwa walinganishe wakaorodhesha.

Sasa rejesta. Nilimfahamu mwalimu mmoja wa darasa aliyekuwa na tabia ya kuifungua Ijumaa mchana na kupitisha kidole kwenye safu ya Jumatatu peke yake. Mtoto anayekosa Jumatano anaumwa, alikuwa akisema. Anayekosa Jumatatu tatu mfululizo ameshaanza kazi. Kidole kilisimama kwenye majina mawili au matatu, akayaandika kwenye kipande cha karatasi, na Jumamosi akapanda pikipiki. Akifika nyumbani kwa mtoto hakuanza na kesi. Alikaa, akakaribishwa kahawa za kutafuna kama mgeni yeyote, akazungumzia mvua na mnyauko wa migomba, na mwisho kabisa, akiwa ameshasimama kuaga, akauliza: "Waitu, kijana wetu Jumatatu huwa anakwenda wapi?" Mara nyingi jibu lilikuwa ziwani. Mara nyingine lilikuwa gulio, binti akimsaidia mama kubeba mzigo. Kwa jibu hilo mnaweza kupatana. Barua yenye mhuri inayomwita mzazi shuleni haileti jibu. Inaleta baba mdogo aliyetumwa kusema kwamba baba amesafiri.

Kwa wa kando ya ziwa na wa visiwani, nitasema wazi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa mwezi giza, na kijana wa miaka kumi na sita anayeamka na hela mkononi huiona shule kama kupoteza muda. Kumhubiria hakutoshi. Shule iangalie mwezi kabla ya kupanga majaribio. Jaribio likiwekwa siku za giza, wale wale watafeli kila mwezi, na baada ya kufeli mara nne wataamini kwamba hawana akili. Lisogezeni hadi mbalamwezi. Na kila mtoto awe na mwenzake mmoja anayemwandikia notisi akikosekana, kwa makubaliano yanayojulikana na mwalimu. Sisemi kwamba mtoto aruhusiwe kuvua. Nasema anayekwenda aachiwe mlango wa kurudi, kwa sababu wengi hurudi na kukuta umefungwa.

Msimu wa kahawa una dawa yake, na nimeona inafanya kazi. Kuanzia Mei, mtoto anayeishi na bibi peke yake ndiye mchumaji, mwanikaji na mlinzi wa kahawa uani. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na tangu hapo tumezoea nyumba za bibi na wajukuu. Darasa dogo linaweza kwenda Jumamosi moja kwa bibi wa mwenzao, mikono thelathini ikamaliza mibuni asubuhi moja, na bibi akatoa kidogo kiingie mfuko wa darasa. Mfuko huo ulipie madaftari ya asiye nayo. Atakayesema watoto hawawezi kuendesha mambo ya namna hiyo aulize historia ya Nshamba: chini ya mradi wa Humuliza, yatima wa pale waliunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakakiendesha wenyewe, na wengi wao walikuwa wa umri wa sekondari au chini yake.

Geto nalo litajwe. Mtoto aliyepangiwa shule ya mbali hupangishiwa chumba karibu na shule: godoro, jiko la mkaa, ndoo mbili. Kwa mzazi ni nafuu. Kwa binti wa miaka kumi na tano ni hatari, kwa sababu anayemsaidia kununua mkaa leo atataka malipo kesho. Kama hosteli ipo, hata ya mabanzi, ilipie kabla ya kitu kingine. Kama haipo, watoto wapangishwe watatu katika nyumba ya mama anayejulikana, si kwenye safu ya vyumba vya wapangaji, na mzazi afike bila kutoa taarifa. Lifti za bodaboda mkatazeni kwa maneno makali kuliko mnavyokataza simu.

Likitokea la kutokea, sheria mzijue. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi na kreti ya bia ni kumlinda mkosaji. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Zamani alifukuzwa na jina lake likakatwa, na bado wapo wanaodhani ndivyo ilivyo. Katika darasa dogo kila mtu anajua kilichotokea, kwa hiyo siku anaporudi mwalimu wa darasa aongee na wenzake kabla hajafika, kwa dakika tano, kisha jambo hilo lisizungumzwe tena.

Kidato cha pili kina mtihani wa taifa wa upimaji, mwishoni mwa mwaka, na asiyefikia kiwango hurudia mwaka. Watu huuchukulia kama wa majaribio. Kwa darasa dogo si wa majaribio: wakibaki nyuma wanne, kundi zima la kujisomea limevunjika. Panga makundi ya watoto watano tangu mwanzo wa mwaka huo, kila kundi likiwa na mmoja anayeiweza Hisabati na mmoja anayekiweza Kiingereza, na yasibadilishwe kila wiki kwa kuwa watoto wamegombana. Kitabu kimoja kwa kundi kinatosha.

Kidato cha tatu ni mwaka unaolala, na hautakula nafasi kubwa hapa. Hakuna mtihani wa taifa, walimu wameelekeza macho kwa kidato cha nne, na mtoto ameota ndevu. Yafanyike mawili tu. La kwanza ni kuamua masomo kwa kutazama mwalimu aliyepo. Kubaki na Fizikia katika shule isiyokuwa na mwalimu wa Fizikia kwa sababu baba anataka daktari ni kumtwisha mtoto mzigo wa F. Kama darasa linataka sayansi kweli, wazazi wachange walipe kijana aliyemaliza kidato cha sita afundishe kwa miezi anayosubiri chuo, au shule iombe walimu wa mazoezi kutoka Chuo cha Ualimu Katoke, ambacho kiko wilayani humu humu. La pili ni cheti cha kuzaliwa. Nitalirudia hili chini.

Sasa kuna hesabu ambayo kila mtoto wa kidato cha tatu angepaswa kuiandika kwenye jalada la daftari lake. Daraja hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. C inaanzia alama 45 na D inaanzia 30. C saba ni pointi 21, daraja la pili. C tano na D mbili ni 23, daraja la tatu. C tatu na D nne ni 25, ukingo wa mwisho wa daraja la tatu, na kama hizo C tatu ziko kwenye masomo ya tahasusi moja, mlango wa kidato cha tano uko wazi. Mtoto wa shule ya kata mara nyingi huambiwa "soma kwa bidii" bila kuonyeshwa anatafuta nini. Mwonyeshe. Mwenye alama 38 za Jiografia na 41 za Kiswahili amebakiza alama chache tu kubadilisha D mbili kuwa C. Kazi hiyo ya miezi mitatu inawezekana. Kumtaka apande kutoka 12 hadi 45 kwenye Hisabati kwa muda huo ni kumtesa, ingawa asiache kufanya yale maswali mepesi ya mwanzo.

Kwa nini nasisitiza kuanza mapema? Tazameni darasa la Kagera lililoanza kidato cha kwanza Januari 2013. Walikuwa hawajamaliza miezi miwili shuleni, Februari yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012: zaidi ya watahiniwa 240,000 wamepata sifuri, karibu sita katika kila kumi. Serikali iliunda tume, na Mei matokeo yakapangwa upya, lakini maneno yalikuwa yameshafika vijijini, na wazazi wakaanza kuuliza faida ya shule hizi zilizojengwa kata kwa kata. Watoto wale wakalipa ada miaka mitatu. Wa nne wakasoma bila ada. Kisha Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri, ardhi ikatikisika, tetemeko la ukubwa wa 5.9. Nyumba zikaanguka Bukoba, Missenyi na huku kwetu, watu wakafa, majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Ilibaki chini ya miezi miwili wakae kwenye mtihani. Kuna waliosomea chini ya maturubai na kulala nje kwa kuogopa kuta. Miaka minne baadaye likaja janga lingine: shule zikafungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa Juni 29, na kidato cha nne wakafanya mtihani mwaka huo huo.

Walimu waliokuwa wamemaliza mada mapema walipumua. Waliokuwa wamepanga kumaliza Septemba walikamatwa. Kwa hiyo mada za kidato cha nne ziishe mwezi wa sita, basi. Julai hadi Oktoba ni marudio na mitihani iliyopita, wakisahihishiana wenyewe kwa wenyewe. Darasa dogo linaweza kwenda haraka hivyo, kwa sababu kusahihisha madaftari thelathini ni kazi ya jioni moja.

Mahafali yetu huja kabla ya mtihani, Septemba au Oktoba, na mpaka leo sijui ni nani alitupangia hivyo. Sipingi sherehe. Mtoto aliyefika hapo anastahili kuitwa jina mbele ya bibi yake, na bibi anastahili kupiga vigelegele. Lakini angalia wiki zile: kamati ya fulana, kamati ya keki, mazoezi ya igizo, risala inayoandikwa upya mara tano, nguo ya kuazima Bukoba mjini, na muziki wa usiku ambao walimu wenyewe hawaumalizi. Wiki tatu zinakwenda. Fanyeni sherehe ya nusu siku, iishe saa kumi, hakuna disko, chakula kiwe kilekile cha shule kikiongezwa nyama. Fulana si lazima. Harambee inayofanyika siku hiyo iwe ya kitu kinachoonekana kabla ya mtihani: taa za sola za prepa, rimu za kuchapia majaribio. Mgeni rasmi akiahidi mabati, mwombeni kwa heshima alete karatasi kwanza.

Mtihani wenyewe huangukia msimu wa senene. Asiye wa Kagera atacheka. Sisi tunajua maana ya usiku wa Novemba, mvua imekatika, taa zimewashwa, mapipa na mabati yamesimamishwa, na kijiji kizima kiko macho. Senene ni hela ya maana na ni kitoweo cha heshima. Watahiniwa wakilala shuleni kwa muda wote wa mtihani, hata kama ni madarasani kwenye magodoro yao na mama mmoja wa kuwapikia, hilo linakwisha. Kwa watoto thelathini gharama yake ni ndogo, na wazazi watawapelekea senene waliokwisha kukaangwa.

Nirudi kwenye cheti cha kuzaliwa. Jina litakalosajiliwa kwa mtihani ndilo litakaloandikwa kwenye cheti cha kidato cha nne, na ndilo litakalofuata kwenye chuo, mkopo na kitambulisho cha taifa. Huku kwetu mtoto ana jina la ubatizo, la Kihaya alilopewa na babu, na la baba ambalo shule ya msingi iliandika ilivyosikia. Nimeona kijana mmoja mwenye majina matatu tofauti kwenye karatasi tatu, akizunguka ofisi hadi nafasi yake ya chuo ikapita. Karatasi zote zisomwe pamoja, herufi kwa herufi, kabla usajili haujafungwa. Mwalimu wa darasa akiwa na watahiniwa wachache anaweza kumwita kila mzazi akague mwenyewe na kuweka sahihi.

Katika kidato cha nne hujazwa pia Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo. Wengi huijaza kwa kunakili ya jirani. Usifanye hivyo. Kaa na mtoto, angalia hesabu ile ya pointi, jaza kwa kadiri ya masomo anayoyaweza. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo, na asiyejua kwamba lipo huenda alikopangwa akinung'unika. Wala kidato cha tano si njia pekee. Vyuo vya Rubya na Ndolage vinafundisha uuguzi, Katoke inafundisha ualimu, na VETA ya mkoa iko Burugo, Bukoba. Ulizieni sifa za kujiunga kila mwaka, maana hubadilika. Tangu 2024 mtaala mpya nao unaingia hatua kwa hatua, na mkondo wa amali umeanza katika baadhi ya shule. Anayeingia sasa asitegemee ushauri wa kaka yake aliyesoma mtaala wa zamani.

Na yule atakayepata sifuri, kwa kuwa katika darasa la thelathini na tano huenda akawepo, na wote mtamjua kwa jina siku hiyo hiyo? Mwezi wa kwanza msimwulize chochote. Mwezi wa pili mpelekeni kituo cha watahiniwa wa kujitegemea akarudie masomo machache aliyokaribia kuyafaulu, siyo yote. Aliyeacha shule kabla ya kidato cha nne yeye huenda akahitaji kuanzia kwenye mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hulipa faini, kwa hiyo familia isinune hadi Aprili. Hela ya usajili itoke kwenye ile kahawa ya Julai iliyopita.